Nlidhani wananiheshimu, kumbe wananikimbia

Assalamu alaykum. Hili jambo nimekaa nalo muda sasa silisemi, ila juzi pale kazini kijana mmoja ambae ndo kwanza ana mwaka na nusu ndani ya ndoa kanambia "kaka, mie mke wangu simuelewi, nikirudi tu kanuna, na sijamfanya kitu wallahi", na wakati ananambia hivo simu mbili ziko mkononi zote zinatetema, macho mekundu, chakula chake cha mchana kimepoa pembeni hajakigusa na ni saa tisa hio. Nkamwambia subira kaka. Nkaondoka zangu maana nlikuwa nawahi saini ya karatasi. Usiku nkiwa nimelala ikanijia kuwa sikumtendea haki yule kijana, subira ya nini, nani amsubirie nani? Kwaio namjibu hapa, na yeyote mwengine alokuwa kama yeye asome.

Mie kazi yangu ni kugomboa mizigo bandarini Malindi, hapa Unguja. Kwa asoijua kazi hii, sie ndo tunakaa katikati. Mfanyabiashara wa Darajani kaagiza kontena lake Guangzhou au Dubai, nguo, vyombo, vigae, makapeti, mzigo ukifika lazima karatasi ziende forodha, ushuru ukadiriwe na ulipwe, wenye meli watoe ruhusa, bandari itoe kontena, na kila hatua ina dirisha lake na mtu wake na foleni yake. Bandari yetu ndogo, meli zikizidi nyengine zinatia nanga kule nje zinangoja gati, wewe unaona kwa macho yako mzigo uko pale juu ya maji na huwezi kuugusa. Na kontena likishashuka likikaa kupita zile siku zilizoruhusiwa linalipiwa storeji kila siku inayopita. Sasa mfumo ukikwama, au kule mzigo ulikotoka mtu kakosea tarakimu moja tu kwenye karatasi, mwenye mzigo hamgombezi nahodha wala haugombezi mfumo. Ananigombeza mie. Nimeitwa mwizi mie, nimeitwa muongo, mtu mzima kanambia mbele za watu kuwa sina akili, na mie najibu "nakuelewa bosi wangu, samahani sana, inshaallah kesho asubuhi", kwa sauti laini kabisa, ile sauti ambayo mke wangu alikuja kunambia baadae kuwa yeye hajaisikia tangu mwaka tulooana.

Hilo neno lake lilinikaa. Kwa sababu kweli. Watu nisowajua hata majina ya watoto wao nlikuwa nawapa ulimi wa asali kutwa nzima, alafu wangu wa damu wanapata kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa shubiri.

Wanaokumbuka watakumbuka ile 2021 na 2022 ilivokuwa, baada ya Korona bei ya kusafirisha kontena ilipanda dunia nzima, makontena yenyewe hayapatikani, mzigo wa kufika mwezi mmoja unafika miezi miwili na zaidi. Na Ramadhani ya 2022 iliingia mwanzo wa April, mvua za masika juu. Sasa kwa mfanyabiashara wa nguo wa kwetu, mzigo wa sikukuu ukifika baada ya sikukuu ni hasara tupu, kanzu na magauni ya watoto utamuuzia nani Idi imeshapita? Wale watu walikuwa na haki ya kupagawa. Nasema hivo kwa dhati, wengine walikopa kuleta ule mzigo. Lakini kupagawa kwao kote kulikuwa kunamiminika kwenye simu yangu, kuanzia alfajiri nikitoka kusali mpaka saa sita ya usiku, sauti za wasap za dakika tatu tatu, mtu anapiga hushiki anapiga tena, na mie nkiona jina lake tu kwenye kioo tumbo linajikunja.

Basi nirudi nyumbani. Nakaa Fuoni, natoka Malindi na vespa yangu, magari yamebana Darajani na Mwanakwerekwe nako ndo usiseme, nafika nimelowa, mgongo unauma, na kichwani bado naendelea kubishana na mtu alonitukana saa nne asubuhi, nampa majibu yote mazuri ambayo sikumpa. Naingia na helmeti kichwani. Salamu naitoa kwa midomo. Kisha naanza kutafuta kosa, na nyumba yenye watoto watatu kosa hulitafuti sana. Viatu mlangoni vimetapakaa, taa ya choo inawaka mchana, mbona TV sauti kubwa, mbona hichi kikombe hapa, nani kaacha bomba linatiririka. Nasema kwa ukali wa mtu alofumania mwizi. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka tisa, siku moja kaja na daftari lake la hesabu kuna kitu hakijui, nkamueleza mara moja hakuelewa, nkamueleza tena, mara ya tatu nkamwambia "we kichwa chako kina nini?" Maneno yale yale, wallahi maneno yale yale alonambia mwenye mzigo siku ile. Nliyabeba kutoka bandarini mpaka nyumbani yakiwa mazima nkamkabidhi mtoto.

Sikuwahi kumpiga mke wangu. Nalisema hili sio kujisifu, nalisema kwa sababu ndo ilikuwa ngao yangu. Kila nikiona mambo hayako sawa najiambia mie simpigi, simtukani wazazi wake, nyumba ina unga na mchele, ada ya skuli imelipwa, sasa ananuna nini? Wanaume wengi tunajificha hapo. Yani tumeweka mstari chini kabisa ya ardhi alafu tunajipongeza kuwa hatujauvuka.

Na kuna siku ambazo sikugomba kabisa, na hizo mie nlikuwa nazihesabu ni siku nzuri. Narudi nakula nageukia ukuta na simu yangu. Mke wangu akinambia kitu namjibu mm. Nlidhani nawastiri, nawaepusha na hasira zangu. Siku moja kanambia "bora ugombe baba, angalau nkijua uko humu ndani". Sikuelewa anasema nini. Nkaona wanawake bwana, ukisema tabu usiposema tabu.

Jioni moja ya kumi la mwisho la Ramadhani ile, siku siikumbuki sawasawa ila ilikuwa inanyesha, nlikuwa nimetoka kulipa pesa ambayo sikuwa nayo. Kulikuwa na kosa kwenye karatasi za kontena moja, kosa nlilipitisha mie kwa uchovu, uzito hauendani, na kurekebisha ikachukua siku, na siku ni storeji, mwenye mzigo akasema yeye halipi hata senti. Ofisi nayo ikasema jua lako. Nkakopa kwa rafiki yangu milioni moja na laki nane nkalipa. Nkarudi nyumbani adhana ya magharibi ishatoka. Mke wangu kapika muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, tambi, uji, kaimati kafanya kwa sababu yangu maana napenda kaimati, na yeye katoka skuli anakosomesha, kafunga vilevile kasimama jikoni tangu saa tisa. Nkatia tonge la kwanza. Muhogo chumvi ilikuwa haikukolea. Nkasema, sitaki kuandika nlichosema. Nkasukuma mkono, lile bakuli la uji likamwagika juu ya jamvi, halikuwa moto alhamdulillah, binti yangu mdogo wa miaka sita akavuta miguu yake akaikunja bila kusema kitu, hakulia hata. Akaikunja miguu kama mtu alozoea. Hio picha mpaka leo nikiwa kwenye vespa inanijia.

Mke wangu akafuta ule uji. Akamaliza kufuturisha watoto. Idi tukaivuka kama watu wanaovuka mto, na siku ya nne ya sikukuu akaniomba ruhusa kwenda kwao Jang'ombe kusalimia, nkampa, akachukua na watoto, jioni nampigia kanambia "sirudi kwanza".

Wakakaa wazee. Mjomba wake, baba yake, na upande wangu ami yangu mmoja. Kila mtu anajua vikao hivi vinavokwenda. Mie nkaulizwa unampiga? Simpigi. Humpi matumizi? Nampa. Yeye akaulizwa basi unataka nini mwanetu? Akanyamaza. Wakamwambia vumilia, mwanamme kazi zinamchosha, mwanamme akirudi mpishe. Nliondoka pale nimeshinda. Na nyumba ikabaki tupu vilevile siku kumi na mbili.

Kwa heshima zote kwa wazee wetu, hili la mpishe mpishe mie silikubali tena. Linamfanya mke kuwa ndo mwenye kazi ya kuisimamia hasira isokuwa yake. Wala halikunisaidia mie mwenyewe, maana hakuna hata mmoja katika kikao kile aloniuliza kwani wewe una nini.

Alouliza ni mama yangu. Mama yuko Pemba, upande wa Wete, habari zikamfika, hazikuchukua siku mbili, akapanda gari mpaka Mkoani akachukua boti, mie nkaenda kumpokea pale pale Malindi ninapofanyia kazi. Hakuniambia kitu njiani. Akakaa nyumbani siku mbili ananipikia na kunitizama, siku ya tatu akenda Jang'ombe kwa wakwe zangu akashinda huko, jioni akarudi na wajukuu wake wale wawili wadogo walale nae. Nkatoka kidogo mpaka dukani na vespa. Niliporudi nikakuta mama kakaa kibarazani peke yake. Kanambia kaa. Nkakaa.

Akasema "mwanangu, watoto walikuwa hapa wanacheza na mie. Ulipokata kona pale kwenye mwembe wakasikia vespa yako, mmoja kazima TV, mmoja kakusanya viatu, wakaingia ndani wakafunga mlango. Wanakukimbia. Nyie baba yenu akirudi kutoka baharini mlikuwa mnamkimbilia."

Hapo sijui niseme nini. Nlikuwa naijua ile hali ya nyumba kunyamaza nikifika, na nikisema ukweli nlikuwa naipenda, naiita heshima. Nkiwasimulia wenzangu kazini "mie nyumbani kwangu ukisikia vespa tu kimya". Na watu wanacheka wanasema ndo uanamme huo.

Nkamwambia mama, baba yeye alikuwa hana wa kumtukana, bahari haitukani. Mama akacheka lakini hakufurahi. Akanambia mambo ambayo mie katika utu uzima wangu wote sikuwahi kuyajua. Kumbe baba kuna misimu alikuwa anarudi siku nne mfululizo hana kitu, madema yake ya kutegea samaki yameibwa au yamepigwa na mawimbi, ana deni la nyuzi na deni la unga dukani. Alikuwa akishavuta ngalawa haji moja kwa moja. Anapita kisimani anakoga, anakuja anakaa barazani, mama anamletea kahawa, na pale kabla hajaingia ndani anamwambia mama neno moja tu. "Leo imekataa." Basi. Au "leo imekubali". Mama akishasikia imekataa anajua kuwa hili zito linalokuja halimuhusu yeye wala watoto, ni la bahari, na atampa nafasi yake kwa moyo mweupe. Sie watoto tulikuwa tunamrukia pale pale barazani na yeye anatupa magamba ya kombe na simbi za baharini tuchezee, kumbe siku hizo ndo siku hana samaki, siku yenye samaki hana muda na simbi.

Mama akaniuliza "wewe umemwambia mkeo imekataa?"

Sijamwambia. Deni la milioni moja na laki nane mke wangu halijui. Nkamuambia mama, na nkaona aibu kumuambia nikiwa na miaka thalathini na nane.

Kesho yake nkaenda Jang'ombe mwenyewe bila wazee. Tukakaa ukumbini kwao, nkamueleza kuhusu kontena, kosa langu, deni, matusi ya kutwa, tumbo linavojikunja simu ikilia. Nlitarajia atasema pole. Akaniangalia muda mrefu alafu akaanza kulia kilio kile cha mtu alotua mzigo, akasema "mie nlijua unaoa".

Ebu fikirini. Mwanamme anarudi kimya, simu haimtoki mkononi, kaigeuza kioo chini, pesa zinapungua hazielezeki zinakokwenda, usiku anatoka nje kupokea simu kwa sauti laini, "nakuelewa, samahani, kesho inshaallah". Mwanamke yeyote wa hapa kwetu angefikiri hivo hivo. Kumbe mie natoka nje kumbembeleza mfanyabiashara wa makapeti. Miezi mitano mke wangu alikuwa anaishi na mke mwenza ambae hayupo, anamuota, anamtafuta kwenye nguo zangu, na bado anaamka alfajiri anakwenda kusomesha. Hakuniuliza kwa sababu aliogopa jibu. Mie sikusema kwa sababu nlijiona nambebea.

Hili ndo nataka yule kijana alielewe kuliko yote. Ukinyamaza, nyumba haibaki na nafasi tupu. Mwenzio ataijaza kwa kile anachokiogopa zaidi duniani.

Nlipoanza kusoma soma usiku kwenye intaneti nkakuta mengi, mengine ya kiwazimu, ila machache yalinifungua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 wameiingiza hii hali ya kuchakaa na kazi kwenye orodha yao ya magonjwa, wakasema wazi kuwa yenyewe sio ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usoshughulikiwa, na dalili zake wametaja tatu: nguvu kukuisha, moyo kukutoka kwenye kazi ukawa unaichukia, na kujiona kazi yenyewe huiwezi tena. Zote tatu nlikuwa nazo. Kuna mtafiti wa Marekani, Rena Repetti, mwaka 1989 alitoa utafiti wake juu ya watu wanaoongoza ndege kwa redio wakiwa chini, sio marubani, kazi ambayo ukikosea watu wanakufa, akaona siku ambayo kazi ilikuwa nzito zaidi ndo siku ambayo wakifika nyumbani wanajitenga zaidi na wake zao. Nilivosoma nkamuonesha mke wangu. Akasema "kumbe na wazungu wanageukia ukuta". Na mwili nao una hesabu yake, ukitishwa unamwaga homoni za kukuandaa kupigana au kukimbia, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na ukishuka kwenye vespa mwili haujui kuwa umeshafika kwako, bado unatafuta adui. Ndo maana vile viatu mlangoni.

Tena hata kwenye dini yetu hili lipo na nlilisoma chuoni tangu mdogo nkalipita tu, kuwa mtu akighadhibika akiwa kasimama akae, na isipomtoka alale. Akae. Baba yangu hakusoma sana lakini alikuwa anakaa.

Sasa sie tulifanyaje. Mke wangu alirudi, lakini hakurudi kwa sababu ya machozi ya siku ile, alirudi kwa masharti na nashkuru aliyaweka. La kwanza deni tulilipe pamoja na kila mwezi anione nimelipa kiasi gani. Ikatuchukua mpaka mwaka uliofuata. La pili, nisiingie ndani na helmeti. Nikifika nikae barazani, kwetu Fuoni nyumba ya tofali baraza lenyewe fupi la saruji nimelijenga mwenyewe mwaka ule ule, nkae pale mpaka nijisikie nimefika. Mwanzo niliona kitendo cha kitoto, majirani wanapita wananiuliza vipi umefungiwa nje? Siku hizi wanakuja kukaa na wao.

Nilikaa nkawaza hizi nyumba zetu za zamani za Mji Mkongwe, Wete, Mkoani huko, nyingi hazikukosa baraza. Mtu hatoki njiani akaingia chumbani. Kuna pale pa kati, si nje si ndani, unakunywa kahawa, unasikia habari, jasho linakauka. Sie tunajenga ukuta na geti, na kazi yenyewe inapita juu ya geti kupitia simu mpaka kwenye mto wa kulalia.

Na sisi neno letu sio imekataa, hilo la baba nimemuachia mwenyewe. Letu limetoka bandarini. Mke wangu akiniona nimekaa pale nje anatoa kichwa anauliza "meli iko wapi?" Kama niko sawa nasema imefunga gati. Kama siko sawa nasema iko nangani. Maana yake nipe nusu saa, sio wewe, sio watoto, nitakuja kukwambia. Na lazima nije nimwambie, hilo ndo sharti, nanga haikai milele, nisipomwambia kabla ya kulala ananifata. Sio kila kitu kwa urefu, dakika kumi tu, nani kasema nini, nimeumia wapi. Mara nyengine nikiwa nasimulia naona kabisa kuwa jambo lenyewe dogo, lilolikuza ni kulizungusha peke yangu kichwani.

Simu saa mbili za usiku inazima ile ya kazi. Hapo palikuwa pagumu kweli. Niliwaandikia wateja wangu wote kwa adabu kuwa kuanzia saa mbili sipatikani mpaka baada ya alfajiri, na kuwa usiku forodha imefungwa, hata nikipokea siwezi kufanya kitu. Mmoja akaondoka, mkubwa, na pesa yake nliihisi. Wengine wakazoea ndani ya wiki mbili. Ufaransa tangu mwaka 2017 wana sheria kabisa inayotaka makampuni makubwa yakubaliane na wafanyakazi juu ya haki ya kutokusumbuliwa baada ya kazi. Kwetu sie wa kujiombea wenyewe, na najua sio kila mtu ana bosi wa kumuambia hivo, mlinzi hawezi, nesi wa zamu hawezi. Ila wengi tunaweza zaidi ya tunavosema.

Na kuna jambo ambalo sikuliona mpaka tulipoanza hivi vidakika kumi vyetu. Mke wangu nae ana kazi! Miaka yote ile mie nikisema kazi ni yangu, yake ni kwenda skuli. Kumbe darasa lake lina watoto sabini na kitu, anasomesha kasimama, sauti inamkauka, kuna mtoto anakuja na njaa kila siku anamnunulia andazi kwa pesa yake, kuna mzazi kaja kumgombeza mbele ya wanafunzi. Alinambia "mie namaliza sabini huko nikija hapa nna watatu, alafu nawe". Sikuwahi kumuuliza hata siku moja, siku yako ilikuwaje. Miaka kumi na moja ya ndoa.

Mwezi uliopita nlifika nkamkuta yeye ndo kakaa barazani, buibui hajavua, mkoba uko magotini. Nkazima vespa nkauliza meli iko wapi. Hakunitizama, akasema iko nangani. Nkaingia ndani nkawatoa watoto wote watatu nkawapeleka kula urojo, tukakaa huko mpaka isha, muhogo wa jana nkaupasha mwenyewe tuliporudi. Usiku akanambia ilivokuwa. Siandiki hapa, ni yake.

Binti yangu alokunja miguu yeye siku hizi hana habari, ananirukia na vidole vya embe kwenye shati jeupe. Watoto wadogo wanasamehe haraka mno mpaka unaogopa. Wa kwanza sasa ana miaka kumi na mbili. Anaongea na mie, tunakwenda mpirani Amani pamoja, hesabu zake ananiletea tena na mie namueleza mara nne mara tano. Lakini nikifika nyumbani, kabla hajanipa mkono, kuna kitambo kidogo ananitizama usoni kwanza. Anasoma. Hajui kuwa namuona akisoma. Mie nabaki pale barazani nimevua helmeti, nangoja amalize.